Nani Amekata Vichwa ya Maua Yangu

Jumamosi, tarehe 27 Februari 1954

Kaye yangu, daftari yangu mupya, salamu mingi. Mimi Mama Benoît wa hapa Ngungu niko muzima, sijui wewe. Bwana yangu Papa Barthélemy iko muzima, ila mugongo tu, juu ya kazi ya barabara: asubui wanajaza mashimo, mangaribi mvua inafungua ingine. Mama mukwe Mukandori iko muzima, macho njo haioni tena vizuri, mudomo iko na nguvu. Mutoto yangu wa kwanza Benoît iko Bweremana kwa shangazi yake, kwenye samaki, alituma neno kama iko muzima. Mutoto yangu wa nyuma Vestine, miaka nane, iko muzima, ameota meno mbili mupya. Kuku tano wako wazima. Walikuwa sita. Juu ya ule wa sita sisemi kitu, lakini ninajua ni lupango ya jirani gani ilinuka mafuta siku ile.

Ninaanza na salamu kwa sababu Masera Joséphine-Marie, mutawa wa misioni, alitufundisha kuandika barua, hakutufundisha kuandika kitu ingine. Bila salamu mukono yangu inakataa.

Leo kisha masomo ya kushona, Masera alipatia kila mama kaye moja ya kuandika kazi ya bustani, na karatasi ndogo ya kukunja, ndani mbegu. Mbegu ya maua ya Ulaya! Alituonyesha ua moja la bustani ya misioni. Ukilifinya mashavu, linafungua kinywa. Ukiachilia, linafunga. Wamama wote walicheka, wakasema yaitwe maua ya kinywa. Mimi sikucheka. Kitu yenye kinywa, siku moja itasema.

Halafu Masera akatoa sheria. Sikukuu ya Sakramenti, mwezi wa sita, binti mwenye kitunga kimejaa maua ya lupango ya mama yake njo atavaa nyeupe na kutembea mbele ya Sakramenti, akimwaga maua njiani. Bila kitunga, ataangalia tu.

Mwaka jana Vestine aliangalia tu. Alisimama nyuma ya kikwembe ya nyanya yake. Hakulia. Aliniuliza tu kama sisi hatuna maua. Afazali angelia! Mwaka huu atatembea, hata mvua ya mawe inyeshe.

Neno moja mbele nifunge. Karatasi ya Adelaïde ilikuwa nene kupita yangu. Adelaïde ni jirani yangu, bibi ya katekista Grégoire, tunagawana naye lugo moja, uzio ya matete. Kwao ni Buleusa. Binti yake Généreuse alitembea mwaka jana, na mwaka ule mwingine. Nilimuambia nimushikie karatasi wakati anafunga kikwembe, nikaipima kwa vidole. Nene! Yeye anasema ni kukunja tu.


Jumatatu, tarehe 1 Machi

Nimepanda.

Masera alisema mbegu imwagwe juu ya udongo, isifunikwe, kwa sababu inataka kuona jua. Tangu lini mbegu iko na macho? Mama yangu, na mama ya mama yangu, walipanda maharagi: shimo, mbegu tatu, funika, pita. Kumwaga mbegu juu ni kuita kuku kwenye karamu. Nikawaza: ao Masera hajalima hata siku moja (ukiangalia mikono yake!), ao kuna muntu alimuomba atudanganye. Adelaïde alikuwa anaitika na kichwa mara mingi sana.

Nimechimba na jembe, shimo kufika kwenye kifundo cha mukono. Mbegu yenyewe iko ndogo sawa tumbaku ya kunusa, kuhesabu tatu haiwezekani, nikaweka ile inagandamana na kidole. Nikafunika. Nikakanyaga vizuri.

Adelaïde akauliza kutoka upande yake kama ninapanda ao ninazika muntu. Nikasema ninapanda maharagi. Asijue.

Vestine aliomba karatasi tupu ya mbegu. Nikamupa akacheze nayo.


Siku ya Mungu, tarehe 21 Machi

Hakuna kitu! Siku makumi mbili! Maharagi siku tano imeshatoka inakuangalia.

Kwake Adelaïde imetoka. Ninajua kwa sababu nilienda kuomba moto. Nilikuwa na moto, lakini nilimwanga maji juu yake kwanza, ili nisiwe muongo. Nimepita pole pole karibu ya kitalu yake. Majani midogo midogo, sawa macho ya panya, mingi! Anaimwangia maji na kopo ilitobolewa na musumari. Nani amemufundisha? Anasema ni Masera, alisema mbele yetu sote. Mimi sikusikia. Nilikuwa ninaangalia karatasi yake.

Nikarudi na kijinga cha moto. Mvua ikakizima njiani. Papa Barthélemy akatoka misa, akakuta mafiga baridi, akauliza moto imeenda wapi. Nikamujibu amuulize Adelaïde. Akaenda kumuuliza! Wanaume!


Alhamisi, tarehe 25 Machi

Kaye, shika sana hii neno.

Nimeikuta. Majani ile ile, macho ya panya, iko inaota pembeni ya mutungi ya maji, pahali maji inatonyaka. Makumi na zaidi! Nilipanda huku nyuma ya nyumba, imeota kule mbele. Mbegu haina miguu. Nani ameihamisha?

Vestine anasema ni yeye. Ati siku ile karatasi ilikuwa na vumbi ndani, akaipangusa hapo mbele ya kukunja mashua. Nikamukumbatia mutoto yangu, nikamuambia iko na roho muzuri ya kumutetea muntu. Lakini mimi ninajua mimi nilimaliza mbegu yote katika mashimo.

Nimezungusha vijiti hapo, kuku wasipite. Mama mukwe nimemuambia asimwange maji ya kunawa pale. Amesema amesikia. Masikio yake ninayaamini kidogo tu kupita macho.


Ijumaa, tarehe 23 Aprili

Salamu ya Pasaka, kaye. Nilikuacha ndani ya gunia ya maharagi juu Masera alianza kusema anataka kusoma kaye zetu. Nilimuambia yangu bado inafikiri.

Maua yangu imefika urefu ya kiganja. Nimeihamisha ndani ya kitalu, mistari mitatu, karibu na mboga yangu ya lenga-lenga. Vestine anaiamkia kila asubui, moja moja, na jina. Ingine anaita Papa, juu imepinda mugongo.

Sasa sikia. Leo nilikuwa ninatengeneza lugo. Haikuharibika, lakini lugo inatengenezwa mbele iharibike. Katika tundu nikaona Adelaïde ameinama, na ile tumbo yake ya miezi sita, anakata vichwa ya maua yake mwenyewe! Kwa kucha. Tip! Tip! Moja kisha ingine, anatia ndani ya kikwembe.

Muntu mwenye akili anakata kichwa ya ua yake? Nimewaza sana mpaka ugali ikaungua. Ao anaipika. Ao ni dawa. Ao alijua ninachungulia, anataka mimi pia nikate yangu, ife. Hii ya tatu njo kweli. Ninamujua.

Sitakata hata moja.


Jumanne, tarehe 27 Aprili

Leo chakula ilikuwa uchungu! Maharagi na mboga, mama mukwe njo alipika juu mimi nilikuwa shambani. Papa Barthélemy alikula, akakunywa maji, akakula tena. Vestine akasema ulimi yake inalia. Mimi ninajua ni chumvi. Wanaichanganya na kitu pale soko. Ile muuzaji haangaliake muntu machoni.


Jumatano, tarehe 28 Aprili

Wamekata vichwa ya maua yangu!

Yote! Mistari mitatu! Imebaki vijiti na majani mbili tatu chini. Vestine alienda kuiamkia, akarudi, akanishika mukono, akanipeleka. Akauliza kama ua bila kichwa linaweza kutoa kinywa. Nikamuambia ndiyo, na sijui chochote. Mama iko vile.

Kaye, sitaji jina. Lakini muntu ninayemufikiri kwao ni Buleusa, iko na kucha, na jana alinisalimia mara mbili.

Nimeenda kwa bwana yake, katekista Grégoire. Sikushitaki muntu. Nimemuomba tu, kwa roho ya upole, Siku ya Mungu afundishe amri ya saba: usiibe. Akauliza kama kuna kitu imepotea. Nikasema hapana, ni kwa faida ya roho. Na bibi yake akae mbele.


Jumamosi, tarehe 1 Mei

Nimepata akili. Kule kwenye muferegi kuna majani ya kuwasha, ile ikikugusa unasahau jina ya ubatizo wako. Nimefunga kitambaa kwenye mukono yangu, nimeikata, nimeificha pembeni ya kila ua, katikati ya majani, haionekani. Mwizi atajitaja mwenyewe. Atapiga kelele mpaka Masisi.

Vestine nimemukataza kugusa. Papa Barthélemy iko barabarani. Mama mukwe hakuna sababu ya kumusumbua na mambo ya maua.


Siku ya Mungu, tarehe 2 Mei

Katekista amefundisha amri ya saba. Vizuri sana! Alisema mwizi wa kitu kidogo ni mutoto wa mwizi wa kitu kubwa. Kanisa yote ikaangalia miguu. Mimi nikaangalia Adelaïde. Hakushituka hata kidogo! Alikuwa anasinzia na tumbo yake. Hii ni muntu wa roho nguvu.

Mama mukwe njo aliitika Amina kupita wote.


Jumatatu, tarehe 3 Mei

Mwizi amepatikana.

Ni mama mukwe.

Nilikuwa ninatwanga. Nikasikia kelele. Nikaacha mutwangio, nikakimbia na furaha, Mungu anisamehe, nikisema leo ni leo Adelaïde. Nikakuta mama mukwe amekaa chini katikati ya mistari, mikono juu, anaita mababu wote na watakatifu wote pamoja, bila kupanga. Vidole imevimba sawa ndizi.

Alikuja kuchuma mboga. Ati ile lenga-lenga yangu ya mistari mitatu iko chungu, lakini inasafisha tumbo, na Jumanne alichuma vichwa yote, tukakula, na aliniambia. Ni kweli aliniambia amechuma mboga ya upande ule! Mimi nilifikiri ni ile mboga ya kweli. Tumekula maua ya Sakramenti na maharagi.

Nilimunawisha mikono, nikalia, nikamuomba musamaha, nikamulaza. Yeye akasema hana hasira, lakini bibi ya mutoto yake afanye mutego ya panya, asifanye mutego ya wazee.

Adelaïde akafika mbio na mafuta na majivu, akamupaka. Namna gani alijua upesi vile? Anasema kilima yote ilisikia. Sawa.

Nilipokuwa ninajilaumu, nikakumbuka kuuliza kitu moja. Ni nani alimuambia mama mukwe kama mboga chungu inasafisha tumbo? Akafikiri, akasema ni Adelaïde, mwaka jana, juu ya majani ingine kabisa.

Mwaka jana! Ule mwanamuke anaona mbali.


Jumanne, tarehe 25 Mei

Muujiza. Ua ilikatwa kichwa moja imetoa vichwa ine, tano, sita! Kila kijiti imekuwa kichaka. Masera alikuja kutembelea bustani, akasimama mbele ya kitalu yangu, akashika kifua. Akasema wamama wengi waliogopa kukata, maua yao imepanda juu nyembamba sawa fimbo ya muchungaji, lakini Mama Benoît alikata sawasawa, na kwa wakati wake. Akauliza ni nani alinifundisha.

Nikasema ni akili yangu mwenyewe.

Mama mukwe alikuwa mulangoni na mikono yake. Alikohoa.

Sasa Masera ametuma wamama wote waje kuangalia kwangu. Walikuja kumi na mbili, wakakanyaga lenga-lenga ya kweli. Adelaïde pia alikuja, akaniuliza nilitumia kisu ao kucha. Nikajibu iko siri. Akacheka. Anacheka nini?


Siku ya Mungu, tarehe 13 Juni

Imefunguka! Nyekundu, manjano, nyeupe, na rangi ingine sawa ndani ya mudomo wa mutoto. Siku saba tu imebaki ya prosesio, ile maandamano ya Sakramenti. Vestine anaifinya mashavu na kuisemesha. Nyekundu ni Papa Barthélemy, anasema: mugongo, mugongo. Nyeupe ni Masera. Kubwa ya manjano ni mimi. Nikauliza mimi ninasema nini. Akaifinya, akasema: nani amepita hapa? Nani amepita hapa?

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaangalia, kweli kulikuwa alama ya muguu pale. Yangu, lakini hata hivyo.

Nimeshona nguo nyeupe. Mikono mirefu kidogo, atakua. Aliivaa akatembea kutoka mulango mpaka mutungi, pole pole, akimwaga hewa na mukono. Mama mukwe akapiga magoti ya kweli.


Alhamisi, tarehe 17 Juni

Leo ni sikukuu ya Sakramenti yenyewe, lakini prosesio ni Siku ya Mungu ijayo, ili watu wa mbali wafike.

Hatari, kaye. Kisha misa nimemukamata Adelaïde kwenye lugo, kidole inatembea hewani. Anahesabu! Anahesabu maua yangu! Aliponiona akasema ati Vestine atajaza kitunga vizuri, asante Mungu. Muntu anahesabu kitu ya mwenzake juu ya nini? Na mbuzi yake ile ya ndevu iko inafungwa na kamba ya ndizi, kamba ya kukatika. Nimeona yote, wazi sawa muchana. Usiku mbuzi “itakatika”, asubui maua yangu hakuna, na yeye atasema pole.

Nimemutangulia. Muchana huu huu nimevuna yote. Yote! Nimeifunga ndani ya shuka safi, nimeiweka ndani ya sanduku ya nguo, nimefunga na kufuli, ufunguo iko kwenye shingo yangu pamoja na medali ya Bikira Maria. Mbuzi ije sasa!

Vestine aliuliza kama maua haitaki maji. Nikamuambia hata sisi tunafunga chakula mbele ya komunyo.


Jumamosi, tarehe 19 Juni

Sijafungua sanduku. Ukifungua, watu wanaona. Papa Barthélemy alitaka suruali yake ya sikukuu, nikamuambia kesho. Akasema sanduku inanuka. Nikamuambia ni harufu ya maua. Akasema ndiyo, njo ile anasema.


Siku ya Mungu, tarehe 20 Juni

Ninaandika pole pole.

Asubui nilimunawisha Vestine, nikamupaka mafuta, nikamuvalisha nyeupe. Akaleta kitunga. Nikafungua kufuli. Nikafungua shuka.

Sombe. Kaye yangu, ilikuwa sawa sombe ya jana, majani ya muhogo ilipikwa ikalala. Nyeusi, maji maji, vinywa yote imefungwa na kugandamana. Suruali ya Papa Barthélemy ilikuwa na madoa ya manjano kwenye magoti mbili. Vestine akaingiza kidole, akajaribu kufinya moja. Haikufunguka. Akasema polepole: Mama, imekufa. Halafu akaanza kufungua vifungo ya nguo yake nyeupe, moja moja, bila kulia, ili isichafuke.

Pale njo moyo yangu ilivunjika. Si Adelaïde, si mbuzi. Ni mikono yangu hii.

Kengele ya kwanza ikalia. Na hodi mulangoni. Adelaïde! Tumbo mbele, kitunga juu ya kichwa, anahema. Akasema aliona Ijumaa kitalu yangu imebaki vijiti. Alihesabu Alhamisi aone kama inatosha, Ijumaa akakuta hakuna kitu. Akajua ni ile mbuzi yake mulaaniwa, kamba ilikatika usiku ule, kweli ilikatika! Ameogopa siku mbili kuja kuniambia. Asubui hii amegawa maua ya Généreuse mara mbili, nusu iko ya Vestine. Akaniomba musamaha juu ya mbuzi. Akaniita dada. Machozi ilikuwa inamutoka.

Sanduku ilikuwa wazi nyuma yangu. Nikaifunga na muguu.

Nikasema: ndiyo, dada, ni mbuzi.

Mama mukwe akakohoa sana.

Masera akahesabu vitunga kwenye mulango wa kanisa. Ya Vestine haikujaa mpaka juu, ya Généreuse pia, nusu na nusu. Nikashika medali. Masera akaangalia moja, akaangalia ingine, akaona maua ni ya kitalu moja. Akaniangalia mimi. Halafu akaweka mabinti wawili pembeni kwa pembeni mbele kabisa, akasema vitunga mbili inafanya moja kubwa.

Alitembea! Kutoka kanisa mpaka msalaba wa kilima, na kurudi! Alimwaga kidogo kidogo, tatu, ine, ili isiishe mbele ya mwisho. Alipopita karibu yangu akaifinya moja nyekundu, ikafungua kinywa, akanionyesha meno yake mupya. Papa Barthélemy aliimba na madoa yake. Mimi nililia mpaka Adelaïde akanipa pembe ya kikwembe yake nipanguse pua.

Mungu wangu, leo nimejifunza. Kuanzia leo sitamufikiria muntu vibaya tena. Nimeandika na nitaweka sahihi: Mama Benoît.


Jumatano, tarehe 7 Julai

Kaye, leo ninakutumia kuandika barua kwa dada yangu Emérence, ameolewa Buleusa. Nikishamaliza nitaikopia vizuri bila makosa.

Dada yangu mupenzi Emérence, salamu mingi. Mimi niko muzima. Papa Barthélemy iko muzima, suruali haikutakata. Mama mukwe iko muzima, mikono ilipona, anachuma tena, ninamufuata nyuma. Benoît iko muzima kule Bweremana. Vestine iko muzima, analala na kitunga. Kuku wako tano.

Ninakuandikia juu ya neno ya haraka. Jirani yangu Adelaïde, yule kwao ni kwenu, amezaa binti juzi, mbele ya siku yake, salama. Ameniomba mimi nikuwe marraine, mama wa ubatizo wa mutoto. Mimi! Kati ya wamama wote wa Ngungu! Anasema hakuna muntu alimuonyesha roho muzuri kupita mimi, vile nilisamehe mbuzi bila kusema neno. Ile mbuzi sasa amefungwa na munyororo wa chuma. Kila nikipita ananiangalia. Anajua kitu, na sipendi vile anatafuna.

Emérence, anataka nini kwangu? Muntu anakupa nusu ya maua yake, anakuita dada, anakupa mutoto umushike mbele ya Mungu. Bure tu? Tena ameomba mutoto aitwe jina yangu, Elisabeth. Jina yangu nimeishika miaka makumi tatu na tano bila doa! Na nimeuliza jana kama anafikiria Benoît wangu amuoe Généreuse, akacheka, akasema watoto wako wadogo. Hakusema hapana.

Kwa hiyo nimekubali. Nikiwa ndani ya nyumba yao nitaona vizuri.

Uende kwa mama ya Adelaïde, uombe moto. Uzime yako kwanza. Uangalie wanaishi namna gani, kama wanapenda watu hivi tangu zamani ao ni kitu imeanza na mimi. Usiseme ni mimi nimekutuma. Umupelekee chumvi kidogo, na umuambie binti yake amelala vizuri, na mutoto ananyonya, na iko na nyusi za nyanya yake.

Ubatizo ni Siku ya Mungu tarehe 18. Nimeanza kushona kofia, nyeupe, na uzi ya manjano pembeni. Ninashona pole pole kwa makusudi. Unijibu mbio, dada yangu, na muntu wa kwanza anapita, hata mbele hujakula: nikishamuvalisha ile kofia, hata ukiniambia nini, mutoto ule simurudishi.